Benchi la Gregory

Mtu akirudi Shinyanga kutoka Ulaya, watu hawamuulizi habari, wanamuuliza sabuni. Nilishuka stesheni mwezi wa tatu mwaka 1984, miaka ile ambayo kipande cha sabuni kilipokelewa kwa mikono miwili, na kabla sanduku langu halijagusa chini nilikuwa nimeshaulizwa na watu sita kama nimekuja na sabuni, betri au vitenge. Niliwajibu wote kwamba nimekuja na patasi nne na koti zito. Wakaona nina dharau. Waache waone. Mimi Stanslaus, mwalimu wa useremala katika chuo cha ufundi pale mjini, nina hasira za karibu, mke wangu Melania anazijua na wanafunzi wangu wanazijua zaidi. Lakini siku ile sikuwa na ugomvi na watu wa sabuni. Nilikuwa namuwaza mama yangu.

Mama yangu, Zipora, hakuwa nyumbani kwake Samuye. Alikuwa Nyarugusu, huko Geita kwenye dhahabu, amekaa chini pembeni ya shimo lililofukiwa, na alikuwa amekaa hapo karibu miezi minne. Ndani ya shimo lile alikuwamo mdogo wangu Gregory.

Gregory alikwenda Nyarugusu kutafuta ng'ombe wa mahari, kama vijana wengi wa kwetu baada ya ukame kumaliza mazizi. Shimo la dhahabu wenyewe wanaliita duara. Duara lao lilishikiliwa na matimba, yaani magogo ya kuzuia udongo usishuke, na magogo yenyewe yalikuwa ya mti laini ambao mimi nisingeutumia hata kwa mlango wa banda la kuku. Tarehe ishirini na sita Novemba, mvua ikiwa imenyesha siku tatu mfululizo, udongo ukashuka. Wenzake wawili walitolewa wakiwa hai. Gregory alikuwa chini zaidi. Walichimba siku mbili, udongo ukashuka tena, wenye duara wakasema basi, tukiendelea tutazika na wengine.

Kwetu mfiwa hakai kwenye kiti. Anakaa chini, na anabaki chini mpaka maiti azikwe na siku za matanga zihesabiwe, ndipo watu humwinua. Sasa mama alisema hajazika mtu, kwa hiyo hakuna wa kumwinua. Mjomba Maduhu, kaka yake, alimfuata huko mara mbili. Mara ya kwanza alikwenda na shati na suruali ya Gregory, akashauri wazizike badala yake, na mchungaji wa pale Samuye akakubali kuja kuombea. Mama alizichukua zile nguo, akazifua, akazianika, akamrudishia zimekunjwa. Akamwambia, "Siziziki. Nguo hazikufa."

Mara ya pili Mjomba alikwenda na vijana wanne wa kumbeba. Mama alilala kifudifudi juu ya udongo, wachimbaji wakaja na sururu zao wakawauliza wale vijana wanambeba nani na kwenda wapi. Vijana wakarudi na vumbi lao. Tangu hapo wachimbaji ndio waliomlisha, wakamjengea kibanda cha nyasi, lakini masika yalikuwa yameanza na mama alikuwa anakohoa. Mjomba alinipokea stesheni akaniambia bila kupindisha: mimi ndiye niliyebaki, nisipomrudisha mwezi huo, tutakwenda Nyarugusu kumzika yeye.

Sasa nieleze mimi nilikuwa wapi.

Serikali ilinipeleka Uingereza miezi sita kujifunza useremala wa mashine, mashine ambazo mpaka leo chuo chetu hakina hata moja. Siku ya kuondoka Gregory alikuja kutoka Nyarugusu kunisindikiza, akanibebea sanduku mpaka ndani ya behewa. Alikuwa na miaka ishirini na sita na alikuwa hajaona maji makubwa kuliko lambo la Samuye tunaponywesha ng'ombe. Hata Ziwa alikuwa hajaliona, maana Nyarugusu alikwenda kwa njia ya Kahama. Wengine walinipa orodha za vitu. Yeye alisema, "Kaka, mimi usiniletee kitu. Itazame bahari vizuri, ukirudi unisimulie ikoje." Nikamjibu kwamba bahari ni maji, kuna nini cha kusimulia. Ndivyo nilivyomjibu, na hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake.

Mji niliopelekwa unaitwa Marlsea. Usiutafute kwenye ramani ya ukutani, haumo. Ni mji mdogo kando ya bahari, kimya mpaka unasikia kijiko cha jirani kikigonga kikombe. Wazee wa Kiingereza wakistaafu huhamia huko, na siku za jua familia huja na watoto, lakini mimi nilifika mwishoni mwa Septemba, jua limekwisha, wenye maduka wanafunga milango. Nilipanga chumba kwa Bibi Hobbs, mjane wa miaka sabini na kitu, mwembamba, mwenye mwendo wa kukimbilia basi hata kama hakuna basi. Siku ya kwanza alinipa karatasi ya rangi iliyokunjwa mara tatu, imeandikwa Mambo Ishirini ya Kuona na Kufanya Marlsea. Akasema kila Jumamosi tutafanya jambo moja au mawili, na akatoa penseli ya kuwekea alama. Nilidhani ananitania. Thubutu.

Jambo la kwanza lilikuwa gati. Ni daraja refu la chuma na mbao, linatoka nchi kavu, linaingia baharini, halafu linaishia hapo hapo. Nilimuuliza tunasubiri meli gani. Akasema hakuna meli, watu hutembea mpaka mwisho, wakatazama maji, wakarudi. Kwetu mtu akijenga daraja lisilofika ng'ambo ataitwa kwenye kikao cha kijiji ajieleze. Lakini tulitembea mpaka mwisho, tukatazama maji, tukarudi, na Bibi Hobbs akaweka alama akaandika na tarehe.

Jambo la pili lilikuwa vibanda vya mbao vilivyopangwa ufukweni, kila kimoja na rangi yake, ukubwa wa choo cha shamba. Nilivikagua kwa jicho la fundi, vilikuwa na kazi safi. Mtu hununua kibanda kile kwa ajili ya kukaa mlangoni pake, kuchemsha chai na kutazama bahari, na nyumba yake ya kulala iko mtaa wa pili. Vilikuwa vimefungwa kufuli mpaka mwezi wa tano. Tukavitazama hivyo hivyo. Treni ndogo ya watoto ilikuwa chini ya turubai, tukalitazama turubai. Kulikuwa na banda la duara la kupigia muziki, wapigaji hawapo. Kulikuwa na nyumba ya makumbusho yenye taya la nyangumi, nalo nakiri lilinishtua, mtu angeweza kupitisha gari la ng'ombe katikati.

Bahari yenyewe sikuizoea. Asubuhi moja nilifungua dirisha nikakuta haipo. Jana yake ilikuwa chini ya ukuta wa barabara, sasa ni tope na mawe mpaka mbali, na mashua zimelala ubavu. Nilishuka ngazi mbio na shati mkononi nikamwambia Bibi Hobbs kuna jambo kubwa limetokea. Alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Akageuza ile karatasi, nyuma yake kulikuwa na jedwali la saa na dakika: bahari inaondoka saa fulani, inarudi saa fulani, kila siku ya mwaka. Bahari yenye ratiba, na inaifuata! Niliifikiria treni yetu ya kutoka Tabora nikanyamaza.

Jambo la ishirini, la mwisho kwenye karatasi, lilikuwa kukaa kwenye benchi na kutazama bahari. Hilo nilikataa.

Sababu ni hii. Barabara yote ya ufukweni ilikuwa na mabenchi, mazuri, ya mbao ngumu, na kila benchi lina kibati cha shaba kwenye egemeo. Nilisoma cha kwanza: jina la mwanamke, Edith, mwaka aliozaliwa, mwaka aliokufa, na chini yake, Alipapenda hapa. Nikasoma cha pili, nacho vivyo hivyo, mwanamume. Nikaelewa niko makaburini. Nikamwona mzee amekaa juu ya Edith anakula mkate na yai, na mwingine amemfunga mbwa wake kwenye mguu wa marehemu. Nilisikitika kabisa. Mimi nimelelewa kwamba kaburi halikaliwi, halirukwi, halinyooshewi hata kidole. Kwa hiyo karibu miezi mitatu nilitembea barabara ile nimesimama, na nikipita kwenye kila benchi nainamisha kichwa, nasema shikamoo kimoyomoyo, maana wengi walikuwa wakubwa kwangu.

Bibi Hobbs aliponiuliza mbona sikai hata miguu ikiuma, nilimwambia ukweli, kwamba kwetu hatukalii makaburi ya watu. Alicheka mpaka akashika nguzo ya taa. Akanieleza hakuna mtu chini yake, ni mbao tu, wafu wako makaburini kama watu wengine. Nikamwambia mbao ikishaandikwa jina la marehemu si mbao tu. Tukabishana mpaka nyumbani, na jambo la ishirini likabaki bila alama.

Kabla ya hilo la ishirini kulikuwa na punda. Punda wa Marlsea kazi yao ni kupandisha watoto wakati wa jua, na wakati wa baridi wanapumzika kwenye uwanja wao nje ya mji. Ndiyo, punda wana likizo. Jumamosi moja tulisimama kwenye uzio, mvua inanyunyiza, tukawatazama punda tisa wakila majani makavu. Mmoja akanijia, nikamkuna pua, akapiga chafya usoni kwangu. Tulicheka, mimi na yule bibi, mpaka koti likalowa.

Barua ya Mjomba Maduhu ilinifikia baada ya Krismasi. Nilipomaliza kuisoma nilikwenda kwenye ile karatasi ukutani nikatafuta, maana Bibi Hobbs aliandika tarehe pembeni ya kila alama. Ishirini na sita Novemba: punda. Udongo unamshukia mdogo wangu, na mimi nasimama kwenye uzio wa watu nacheka na punda. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na hiyo sikumwambia mtu yeyote; Bibi Hobbs nilimwambia tu kwamba nimefiwa na mdogo wangu.

Nilitaka kurudi. Tiketi ilikuwa ya Machi, ya waliolipia masomo yangu, na chuo cha kule kilisema haibadiliki. Siku tatu sikutoka chumbani. Siku ya nne Bibi Hobbs alinifungulia mlango bila kubisha, akanivalisha koti kama mtoto, akanishika mkono wa koti akanipeleka ufukweni. Upepo ulikuwa wa kukata masikio. Alinifikisha kwenye benchi moja nililolipita mara mia, lililoandikwa Arthur Hobbs, na sikuwa nimewahi kulihusisha jina lile na lake. Alikuwa mumewe, fundi wa mitambo ya meli, meli yao ilizama wakati wa vita vya Hitila. Hakupatikana. Bibi Hobbs aliniambia, "Sina kaburi la kupalilia. Alikuwa anapenda kusimama hapa jioni. Kwa hiyo nikaweka hapa."

Nikakaa. Alinikalisha upande wa kushoto na yeye akakaa wa kulia, akamimina chai kutoka kwenye chupa, akaanza kumwambia Arthur habari za mji: duka la samaki limefungwa, ukuta wa kanisa umepakwa rangi mbaya, mpangaji wetu amefiwa na mdogo wake. Alisema hilo la mwisho kwa sauti ile ile ya habari za samaki. Nililia mbele ya bahari ile na hakuna aliyeniangalia. Tuliporudi nyumbani aliweka alama kwenye namba ishirini.

Basi Mjomba alipomaliza kuniambia hali ya mama pale stesheni, nilikuwa nimeshajua nitafanya nini, na sikumweleza kwa sababu angeniuliza maswali. Nyumbani nilikuwa na mbao za mninga nilizozitunza miaka miwili kwa ajili ya kabati nililomwahidi Melania. Nilizitoa uvunguni nikamtazama Melania. Akasema kabati litasubiri, mama mkwe hawezi kusubiri. Nilifanya kazi siku tano, kwa randa na patasi, bila msumari hata mmoja, kila ungio ni ulimi umeingia kwenye tundu na kigingi juu yake. Shaba ya kibati sikuipata Shinyanga nzima, nikachonga maneno kwenye egemeo lenyewe. Nilichonga kama nilivyoyasoma Marlsea: GREGORY. ALIPAPENDA HAPA. Sikuwaza zaidi ya hapo. Fundi akinakili kazi ya mwenzake hunakili na kosa.

Wa kunibeba alikuwa Abdu, mfanyabiashara wa pale mjini, mzaliwa wa Tabora, babu yake alikuja na misafara kutoka pwani. Alikuwa na lori la Bedford na alikuwa anakwenda Buseresere kuchukua ndizi, akipitia Kahama na Nyarugusu kushusha chumvi. Alilizunguka benchi mara mbili akasema amepeleka mengi Nyarugusu, sururu, gongo, hata jeneza, ila samani ya sebuleni hajawahi. Nilimwambia ashike usukani wake. Akacheka, akaongeza kamba ya kulifungia, na hajaniambia habari ya nauli mpaka leo. Njia ilikuwa tope tupu, tulilala mara mbili, na siku ya tatu mchana tukafika.

Mama alikuwa amekuwa mdogo. Siwezi kusema vinginevyo. Amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele, kitenge chake na udongo rangi moja. Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," yaani habari, mama, akaitika kama vile nimetoka sokoni, akaniuliza safari, akaniuliza Melania, akaniuliza kama nimekula. Nikapiga magoti, nikamwamkia tena kwa kumshika mikono, ilikuwa ya moto. Hakulia na mimi nikajikaza.

Mimi na Abdu tukalishusha benchi, wachimbaji wakakusanyika. Mmoja, jitu la mabega, akaigonga mbao kwa kifundo cha kidole akasema mti huu fundi ungetufaa sana kwa matimba. Hapo ndipo hasira zangu zilipotoka zote. Nilimwambia kama wangeweka mti huu mwezi wa kumi na moja mimi nisingekuwa nimesimama hapa, na kwamba mtu anayezuia udongo kwa vijiti hana haki ya kugonga mbao ya mtu. Yule jitu akarudisha mkono wake. Baadaye niliambiwa ndiye mmoja wa wale wawili waliotolewa, na ndiye aliyekuwa akimpelekea mama ugali kila siku. Nikamwomba radhi, lakini hiyo ni baadaye.

Mama alisikiliza yote. Kisha akalitazama benchi kwa muda, akasema nimetoka Ulaya kumletea kaburi la mbao, na sasa nataka alikalie. Nikajikuta namjibu maneno ya Bibi Hobbs, kwamba hakuna mtu chini yake. Akasema hapa yupo. Kweli, hapa alikuwepo, chini kabisa. Nikamsimulia tu habari ya Arthur Hobbs na mke wake, na chupa ya chai, na habari za duka la samaki. Mama aliuliza miaka mingapi. Nikamwambia arobaini na zaidi. Akasema maskini, kwa sauti ya chini, na nikajua amemsikia yule mwanamke.

Ndipo akatambaa kwa magoti mpaka kwenye egemeo. Mama alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya kisomo, na husoma kwa kidole. Aliliendea jina herufi kwa herufi, polepole, na lilipotimia alikiacha kiganja chake juu yake. Halafu akaanza mstari wa pili. Nilimwona anafika mwisho, anarudi mwanzo, anasoma tena.

"Hapa wapi?" akaniuliza.

"Hapa, mayu. Alipo."

"Nani alikwambia alipapenda hapa?"

Nikababaika. Nikasema ndivyo wanavyoandika.

"Hapa alipachukia," mama akasema, na alisema kwa ukali ambao sikuwa nimeusikia tangu nilipokuwa mtoto. "Kila akija nyumbani ananiambia, mayu, kule chini kuna joto, kuna giza, hakuna hewa. Alikuwa anahesabu siku. Mwanangu alipenda lamboni. Unajua wewe! Ng'ombe wamekunywa, wamekwenda, yeye amekaa palepale kwenye tuta anatupa mawe majini mpaka nimtume mtu. Leo unamwandika kwenye ubao kwamba alipenda shimo?"

Nilisimama pale na patasi zangu nne za Ulaya. Nimeyachonga mwenyewe, herufi kwa herufi, siku nzima, na sikuyasoma.

Mama alikuwa bado ameshika egemeo. Akajivuta kwa hilo egemeo akasimama. Wachimbaji wakasogea nyuma. Akanitazama kama fundi aliyeleta kiti nyumba siyo, akasema, "Umelileta mahali si pake. Lipakieni."

Tukalipakia. Wala hakungoja aambiwe. Aliingia kibandani akatoa sufuria yake, akampa yule jitu wa mabega, akamwagiza ale vizuri na asiingie tena chini wakati wa mvua. Kisha akarudi pale aliposhinda akikaa miezi ile yote, akasimama kidogo, akasema neno kwa Kisukuma ambalo sikulisikia na sikumuuliza. Abdu alimfungulia mlango wa mbele wa lori. Akakataa. Alipanda nyuma na mimi, akakaa chini kwenye bodi, mkono ameshika mguu wa benchi. Tulizunguka hivyo mpaka Buseresere tukapakia ndizi, na kutoka Buseresere mpaka Samuye aliketi katikati ya mikungu, akikohoa, na hakuuachia ule mguu.

Lambo la Samuye si kitu cha kuonyesha wageni. Ni tuta la udongo lililopigwa na trekta zamani, maji ya rangi ya maziwa yenye majani ya chai, kwato za ng'ombe kila mahali. Tulilisimika benchi juu ya tuta siku ya Jumapili, miguu nikaizika dhiraa nzima ardhini. Watu walikuja, mchungaji akaomba, Mjomba Maduhu akataja majina ya ukoo kuanzia babu mpaka Gregory. Wanawake walimwaga machozi yaliyokuwa yamesubiri tangu Novemba. Kisha Mjomba akatangaza kwamba matanga yamekwisha, watu wakanawa, wakala, wakaanza kurudi makwao. Mama bado alikuwa amekaa chini. Hakuna aliyethubutu kumwinua.

Tulipobaki wawili akaniambia nikae mimi kwanza. Nikakaa katikati. Akaniambia, "Sogea huko. Hapo ni pake." Nikasogea mpaka mwisho wa kushoto. Mama akanyanyuka, akakung'uta kitenge, akaja akakaa mwisho wa kulia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Gregory afe. Katikati yetu palibaki nafasi ya mtu mmoja mzima.

Tulikaa. Ng'ombe wa jirani walikuja wakanywa wakaondoka. Nilidhani mama atasali, au atalia. Akageuza uso wake kwangu akasema, "Haya. Alikuomba umsimulie bahari. Msimulie."

Sikujua kwamba anajua. Gregory alikuwa amemwambia, kwamba kaka atakuja na habari za bahari, na mama alikuwa ameliweka neno hilo muda wote. Nilikohoa, nikaona haya, mtu mzima kuzungumza na nafasi tupu. Nikaanza na gati lisilokwenda popote. Nikasema vibanda, turubai, taya la nyangumi. Nikasema asubuhi ile bahari ilipokuwa haipo, na ile ratiba, nikamwambia Gregory kwamba nilikosea kumjibu vile pale stesheni, kwamba bahari si maji tu, inaondoka na inarudi na mtu anaweza kuitazama siku nzima asichoke. Nilipofika kwenye punda nikakwama. Nikasema baada ya hapo hakukuwa na kitu tena.

Mama akangoja. Kisha akauliza, "Baada ya hapo kulikuwa na nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia tarehe, na uzio, na mvua, na punda tisa walio likizo, na yule mmoja aliyenipiga chafya usoni, na kwamba nilicheka siku ile, saa ile, nilicheka mpaka koti likalowa. Niliyasema nikitazama majini kwa sababu sikuweza kumtazama yeye.

Mama alipozungumza hakuzungumza na mimi, alizungumza na pale katikati.

"Umesikia, Gregory? Punda kampiga kaka yako chafya." Akatikisa kichwa, na bega lake likaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Angecheka huyu," akaniambia. "Angecheka mpaka aanguke majini. Haya, endelea."